Joka la Mwalimu Rogath

Martin alitoa leso mfukoni akamfuta kaka yake mate mbele ya ukoo mzima. Alimfuta polepole, kwa upole wa mtu anayejua kwamba anatazamwa, kisha akaikunja leso na kuuliza, "Sasa wazee wangu, huyu ndiye mnataka aendelee kushika kihamba?"

Wanaume wa ukoo walikuwa wameketi kwenye mabenchi uani kwa marehemu baba wa ndugu hao wawili, huko Mkuu Rombo, na kata ya mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Ilipofika kwa Mwalimu Rogath ilirukwa, akapewa mtu wa pembeni yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani tangu kiharusi kilipompiga mwanzoni mwa mwaka, na ulimi nao ulikuwa umelala vilevile. Lakini macho yake yaliifuata kata ile ilivyomruka, na mkewe Theodora, aliyesimama nyuma ya kiti chake, aliyaona macho hayo.

"Kaka amepotea," Martin aliendelea. "Mwili upo, mwenyewe hayupo. Nani hapa amemsikia akitaja hata jina la mkewe?"

"Anasikia kila unachosema, shemeji," Theodora akasema.

"Hata ng'ombe anasikia."

Mtu mmoja alicheka, akakimeza kicheko chake kwa mbege.

Kihamba kilichokuwa kinazungumzwa, shamba la urithi la ukoo, ndicho hicho walichokalia: migomba, kahawa iliyozeeka, miti mikubwa ya mbao kandokando ya mfereji, na makaburi ya wazazi nyuma ya nyumba. Baba yao alimwachia Rogath. Martin alikuwa amepewa shamba lake kule chini, akaliuza siku nyingi. Sasa alikuwa amempata mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyetaka mahali pa kujenga nyumba ya wageni kwa ajili ya wazungu wanaopanda mlima kwa upande wa Rombo. Nchi nzima ilikuwa inauza na kununua, Martin alisema, na kahawa haina bei tena, sasa wao wanangoja nini?

Mzee Jacob, kaka mkubwa wa marehemu baba yao, aliinua bakora watu wamsikilize. Ndipo akamgeukia Theodora akasema, "Mama Evelyn, sisi hatuna ugomvi na wewe. Lakini kihamba kinataka mtu mwenye akili zake. Una nini cha kutuonyesha?"

"Daktari alisema akili iko salama, Baba Mkubwa. Kilichoharibika ni ulimi na mkono."

"Daktari analala naye nyumba moja?" Martin akauliza.

Theodora aliwaangalia wale wanaume mmoja baada ya mwingine. Wengi wao walifundishwa kuhesabu na walimu kama mumewe, na wote walikula kwenye harusi yake. Hakuna aliyemtazama usoni. Hasira ikampanda, na hasira hiyo ndiyo iliyosema kabla yeye mwenyewe hajapanga neno.

"Jumamosi ya wiki ijayo kuna mashindano ya sataranji pale Moshi mjini. Mume wangu atacheza. Njoo umtazame mwenyewe, Baba Mkubwa. Ukimtazama halafu ukarudi hapa ukasema hana akili, mimi nitaondoa vitu vyetu hapa na kihamba mtakichukua."

Martin alicheka waziwazi. Mzee Jacob hakucheka. Alisema kwamba siku hizo angekuwa Moshi kwa sababu ya macho yake, na kwamba angepita.

Rogath aligeuza shingo, akamtazama mkewe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

*

Walikuwa wakikaa Pasua, jirani na soko ambako Theodora aliuza ndizi na maparachichi. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwa ameupenda mchezo ule. Ulimla mumewe Jumapili nzima baada ya misa, yeye na rafiki yake Eliufoo, wameinamia ubao barazani kama watu wanaotafuta sindano. Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyetuma watu wakamwite Eliufoo.

Eliufoo alikuja na ubao kwapani. Alikuwa mtu wa Machame, mpole, shemasi wa usharika wake, na tangu kiharusi kile alikuwa akija kumsabahi mgonjwa bila kuthubutu kuleta ubao. Alipanga kete, akamwachia Rogath nyeusi, wakaanza. Theodora alikaa mlangoni akimenya ndizi za supu ya mtori.

Haukupita muda, Eliufoo akamweka malkia wake mahali ambapo hata mtoto angemla. Rogath alimtazama malkia yule. Akamtazama Eliufoo. Kisha akanyanyua mkono wa kushoto, akazifagia kete zote mpaka sakafuni.

"Ee Yesu," Theodora akasema, akaacha kisu akainuka. "Umemfanya nini?"

Eliufoo alikuwa ameinama anaokota, uso umemshuka. "Nimemwachia malkia, shemeji. Nilitaka afurahi kidogo."

"Na yeye ameona?"

"Ameona."

Theodora alikaa chini taratibu. Kwa miezi yote ile alikuwa akisema mbele za watu kwamba mumewe yumo ndani ya mwili wake, na usiku alikuwa akijiuliza kama anasema kweli. Sasa alijua. Alitamani kucheka na kulia, akafanya la tatu: akachukua kisu akaendelea kumenya.

"Panga tena," akasema. "Na umpige kama unavyoweza."

Eliufoo alipanga tena. Rogath, kwa mkono wa kushoto uliokuwa bado mgeni wa kazi, alijibu kwa ulinzi aliokuwa akiutumia tangu ujanani, ule wachezaji wanaouita Joka. Askari weusi hujipanga wakawa kama mgongo wa joka uliopinda, na askofu hujificha kwenye kona nyuma yao akitazama ubao wote kwa mshazari. Kwa jina ni ulinzi, lakini hauna utulivu wa ulinzi. Mfalme mmoja huenda kulia, mwingine kushoto, kisha kila upande hubomoa nyumba ya mwenzake. Anayechelewa hatua moja ndiye anayekufa.

Eliufoo alikuna kichwa. "Shemeji, mwambie aliache Joka. Linataka kumbukumbu. Kuna ulinzi wa kufunga milango, ukakaa, ukangoja. Mbele ya yule mzee hata sare inatosha. Lakini Joka, akisahau hatua moja tu, mmekwisha."

Theodora alimgeukia mumewe. "Umesikia anavyosema?"

Rogath alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamrudisha askari wake, yule yule wa kuanzia, mahali pake, akamsogeza tena hatua mbili mbele.

"Amesikia," Theodora akasema. "Hataki."

*

Mashindano yalifanyika katika ukumbi mmoja karibu na katikati ya mji. Mwenyekiti wa mashindano, mtu mwenye suti na kalamu tatu mfukoni, alimwona Theodora akimshika Rogath kiwiko kupanda ngazi, akainuka haraka.

"Mama, zahanati ni jengo la pili."

"Tumekuja kucheza."

"Nani anacheza?"

"Mwalimu Rogath Shirima. Jina liko kwako, Eliufoo alimwandikisha."

Mwenyekiti alimwinamia Rogath, akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. "MWALIMU! UNANISIKIA? UNAJUA HAPA NI WAPI?"

Ukumbi mzima uligeuka. Rogath alifumba macho, akayafumbua.

"Hajawa kiziwi," Theodora akasema.

"Mama, mimi namwonea huruma. Lakini sheria zinasema kila mchezaji aandike hatua zake. Huyu ataandikaje?"

"Ataandikiwa na Eliufoo."

"Sijui kama inaruhusiwa."

"Basi tafuta panaposema hairuhusiwi." Alivuta kiti cha mwenyekiti mwenyewe, akaketi, akaweka kikapu chake mapajani. "Sisi tunakungoja."

Mwenyekiti alifungua kitabu chake, akafunua kurasa, akafunga. Watu walikuwa wanatazama saa zao. Hatimaye akasema basi, acheze, lakini yasije yakatokea ya kutokea akalaumiwa yeye.

Mzee Jacob alikuwa tayari kwenye benchi la watazamaji, bakora katikati ya magoti, miwani mipya usoni. Martin alikuwa pembeni yake. Hakualikwa, lakini hakutaka mzee akatazame peke yake.

Aliyepangiwa Rogath alikuwa kijana wa chuo aitwaye Praygod, ambaye alipokuwa shule ya msingi Rogath alimfundisha hesabu. Alisimama kwa heshima. "Shikamoo, Mwalimu." Rogath aliinamisha kichwa, maana marahaba haikutoka. Kijana yule alimeza mate, akaketi upande wa kete nyeupe na kusogeza askari wa mfalme hatua mbili. Rogath akajibu na askari wake. Baada ya hatua chache askofu mweusi alikuwa ameingia konani, na wanaojua wakagusana viwiko. Joka.

Lakini Praygod alicheza kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Alianza kubadilishana kete, hii kwa hii, ubao uishe watu waende nyumbani salama. Kisha akamsogeza malkia mbele ya malkia mweusi, nao wabadilishane. Rogath alimwondoa malkia wake njiani. Halafu akakunja kidole cha mkono wa kushoto, akagonga meza kwa kifundo mara mbili, ko, ko.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akigonga dawati la mwanafunzi aliyesinzia darasani. Masikio ya Praygod yaliwaka moto. "Samahani, Mwalimu," akanong'ona. Akampeleka mfalme wake upande wa mbali, akamwachia askari wa pembeni akimbie kuvunja ukuta wa mfalme mweusi, na kuanzia hapo huruma ilikwisha pale mezani.

Ilikuwa vita ya kukimbizana. Askari weupe walishuka kulia, kete nyeusi zikapanda kushoto. Kila Rogath alipokwisha kucheza, ilimbidi ajikunje kuifikia na kuibonyeza saa ya mchezo kwa mkono usioizoea, na dakika zake zilikuwa zinavuja. Mara moja mkono uliteleza ukaangusha ngome na askari wawili. Alizisimamisha kete hizo mwenyewe, moja moja, saa yake ikitembea. Theodora alikalia viganja vyake ili asiinuke.

Kisha Rogath akachukua ngome yake, akaivusha ubao mzima, akamla nayo farasi aliyekuwa analinda mlango wa mfalme mweupe. Praygod akaila ile ngome.

Mzee Jacob alimnong'oneza Sirili, mchezaji aliyekuwa amemaliza mchezo wake na kuja kuketi karibu nao. "Hiyo aliyoitoa ni nini?"

"Ngome, baba. Ni kete kubwa."

"Na aliyoichukua?"

"Farasi. Ni ndogo kuliko ngome."

"Ametoa kubwa akachukua ndogo."

"Ndiyo, baba."

Martin alimwinamia mzee sikioni, lakini kwa sauti iliyomfikia Theodora. "Si nilikwambia, Baba Mkubwa? Anagawa mali. Hajui hata anachokishika."

Mzee alimgeukia Sirili. "Amekosea?"

Sirili aliutazama ubao. Angeweza kudanganya. "Sijui, baba. Bado."

Theodora alijilaumu. Kama angekuwa amemwambia Eliufoo asisitize. Kama angemwomba mumewe, huyu mwanamume mkaidi, afunge milango japo siku moja. Alimtazama Rogath. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, mate yalimtoka upande wa mdomo uliolegea, na hakujifuta. Lakini uso wake ulikuwa ule ule wa Jumapili za barazani, ule uliokuwa ukimuudhi zamani, uso wa mtu ambaye ukimwita kula hasikii. Theodora akaacha kuomba. Akanyoosha mgongo.

Askari mweupe aliyeila ngome aliacha tundu nyuma yake, na kupitia tundu lile askofu wa konani alitazama moja kwa moja hadi kwa mfalme mweupe. Praygod alilitazama tundu hilo kwa muda mrefu. Alicheza, Rogath akacheza. Alicheza tena, na malkia mweusi akaingia. Kibendera cha saa ya Rogath kilikuwa kimekwisha kuinuka, kinangoja kuanguka; kikianguka, ameshindwa.

Hapo Praygod akanyoosha mkono juu ya meza. "Mwalimu, sare?"

"Anasemaje?" Mzee Jacob akauliza.

"Anaomba wagawane, baba. Nusu kwa nusu."

"Si akubali basi," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka Rogath apone. "Saa inamwishia. Akubali."

Rogath aliutazama mkono wa kijana. Aliitazama saa. Akatikisa kichwa kukataa, akamshika malkia, akamsogeza nyumba moja mbele, kisha akajivuta akaipiga saa kwa ngumi.

Praygod alikimbiza mfalme wake hatua moja, mbili. Hakukuwa na ya tatu. Alimlaza mfalme ubaoni kukubali kushindwa, akasimama, akaushika mkono wa mwalimu wake kwa mikono miwili. Eliufoo, shemasi mpole, aliitupa kalamu juu akasema neno la Kichagga ambalo halisemwi karibu na kanisa.

Mchana Rogath alicheza michezo miwili mingine, akashindwa yote miwili. Katika wa pili alikuwa amechoka kiasi kwamba alimsahau mfalme wake mwenyewe. Theodora alitamani mzee awe ameshaondoka, lakini mzee alikaa mpaka mwisho, bakora katikati ya magoti.

Nje Martin alikuwa wa kwanza kusema. "Ameshinda mmoja, ameshindwa miwili. Na ni mchezo tu."

"Wewe ulisema hawezi hata mmoja," Mzee Jacob akajibu.

"Baba Mkubwa, kihamba si ubao."

"Najua kihamba si ubao, mimi nimezaliwa humo." Mzee alivua miwani akaifuta kwa koti. "Yule kijana alimpa mkono wagawane. Angeupokea, nani angemlaumu? Hata mimi nilitaka aupokee. Mwenyewe akajua kwamba kitu ni chake chote. Sasa unataka mimi nikasimame mbele ya ukoo niseme mtu huyu hajui kilicho chake?"

Martin aliaga kwa kutazama pembeni, akavuka barabara.

*

Kikao cha pili kilikaa Mkuu, uani pale pale. Mzee Jacob alieleza alichokiona, bila kuongeza chumvi, pamoja na ile michezo miwili ya kushindwa. Wengine waliguna. Mmoja alisema hajawahi kusikia mtu akipewa kihamba kwa sababu ya vikete. Mzee alimjibu kwamba hakuna aliyepewa, kwamba kihamba kilikuwa na mwenyewe na kitabaki na mwenyewe, na kama kuna mwenye neno aseme sasa. Walikuwa bado wanatafuta neno hilo waliposikia lori.

Lilikuwa linapanda kwenye kijia cha kuingilia, limebeba vijana na misumeno. Martin alikuwa amekwisha kupatana na watu wa mbao kabla ya kikao hata kuitishwa, akiamini kitakwisha anavyotaka. Aliinuka akaenda kulipokea kama mtu mwenye haraka, na alipopita mbele ya wazee alisema, "Miti si ardhi. Mmezungumza ardhi, miti mie nilishaipatania bei."

Wazee walianza kusema wote kwa pamoja, kila mtu na lake. Katika makelele hayo Rogath alisimama. Hakumngoja Theodora amshike kiwiko. Alichukua fimbo yake, akashuka kwa kuburuta mguu kati ya migomba mpaka kwenye kijia, mahali penye wembamba, mfereji huku na ukingo wa mawe huku. Hapo akajishusha chini, akaketi katikati ya njia, mguu mbovu ameunyoosha mbele yake.

Lori lilisimama karibu kabisa naye. Dereva akapiga honi.

"Piga mpaka betri iishe!" Theodora alikuwa ameshafika, kitenge amekifunga kiunoni. "Huyo haondoki."

Dereva aliteremka. Alikuwa mtu mzima, mtu wa watu. "Shikamoo, mzee. Samahani, naomba utupishe, sisi tumetumwa tu."

Rogath alimtazama.

"Hana akili huyo!" Martin alipiga kelele. "Mnyanyueni taratibu mumweke pembeni, ni mgonjwa!"

Vijana wa misumeno waliangaliana. Mmoja aliteremka, akapiga hatua mbili, akakutana na Theodora aliyekuwa amesimama mbele ya mumewe. Kijana akarudi kwenye lori. Juu kwenye migomba wazee walikuwa wanashuka sasa, Mzee Jacob mbele, amebeba kigoda. Alifika, akakiweka pembeni ya Rogath, akakikalia, bakora katikati ya magoti. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia mvua, "Dereva, kikao bado kinaendelea. Kimehamia hapa."

Dereva aliwatazama wote wawili pale chini, akamtazama Martin. Alipanda akawasha, akaingiza gia ya kurudi nyuma. Kijia kilikuwa chembamba na lori halikuwa na mahali pa kugeuzia, ikabidi lishuke kinyumenyume mpaka barabarani, likiyumba, vijana wamelishikilia, Martin akitembea kando yake akifoka maneno ambayo ngurumo ya injini ilikuwa inayameza. Kwenye kona gurudumu la nyuma lilipanda ukingo, likaegemea mgomba.

"Wewe dereva!" Theodora akapaza sauti mbele ya ukoo mzima. "Angalia migomba yangu!"

Hakuna mwanamume hata mmoja aliyemsahihisha.